Harufu ya Mapipa ya Babu

Shangazi yangu tulimwita Pua, wala hakukasirika, maana pua ndiyo iliyomlisha. Alichanganya manukato kwenye chumba cha nyuma cha duka, akichovya vijikaratasi chupani na kuvinusa huku amefumba macho. Akichoka, ananusa kiwiko chake mwenyewe ili pua ipumzike. Mgeni hakujua acheke au amwonee huruma.

Mwenye duka alipomwambia kwamba siku hizi wateja wanataka manukato yenye harufu ya pombe kali, hasa ramu, nilidhani angekataa. Kumbe alikuwa akiisubiri kazi hiyo tangu babu alipofariki. Babu alikuwa fundi wa mapipa ya ramu. Hakuonja hata tone maishani mwake, ila alirudi nyumbani akinukia mbao, sukari guru na ramu, na majirani, Mungu awasamehe, wakambandika jina la Chupa. Shangazi alitamani kumnusa baba yake tena, japo mara moja tu.

Akachanganya vanila, zabibu kavu, moshi kidogo. Kila mara kitu kilipelea.

"Hii keki," alinung'unika. "Baba hakuwa keki!"

Jioni moja aliipata. Machozi yakamlengalenga. Kisha hamu ikamzidi akili, akafanya kosa alilokuwa akinigombeza mimi, mwanafunzi wake, kila siku: akajipaka mikononi, shingoni, mpaka kwenye gauni, akakaa ananusa na kunusa hadi pua ikazoea, asisikie chochote. Akadhani imeharibika. Mimi sikumjua babu, nisingeweza kumhakikishia. Akaimwaga yote kwenye sinki, na vipimo alikuwa amekadiria kwa jicho tu. Tukaenda nyumbani amenuna.

Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa ameketi kitandani. Tulipoingia akainua uso, akajitengeneza kitambaa cha kichwa haraka haraka.

"Mume wangu, umerudi? Mbona umechelewa hivyo?"

Shangazi akaganda mlangoni. Akapeleka mkono puani, akavuta pumzi, akavuta tena. Wapi! Akanigeukia, analia kama mtoto.

"Ikoje?" akaniuliza. "Niambie, mwanangu, ikoje?"

Nami nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja jioni nzima. Sikusikia kitu.