Nilivyosema Nimeshiba Ukweni

Jamani, kisa hiki watoto wangu nimewaficha, ila mama yao huwasimulia kila nikitoa mguu nje, kwa hiyo bora nanyi mkisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kijana, karani wa ghala la kahawa Bukoba, nakaa Rwamishenye, na nilikuwa nimenenepa kwelikweli: asubuhi maandazi na chai ya sukari nyingi, mchana chapati, jioni matoke kilima kizima (na sufuria nakomba). Nikapata mchumba, Koku wa Kishanda, wazee wakapanga siku ya kwenda kwao kujitambulisha; nami kujaribu koti langu la pekee, kifungo kikagoma. Dada yangu, mkunga, akanicheka weee, kisha akasema, "Punguza mafuta na sukari, ndizi weka chache, sahani ijaze mboga na maharage, tembea kwa miguu. Taratibu. Wala usishinde na njaa." Mimi nikasikia neno moja tu, punguza, nikaona kama kupunguza kunasaidia, basi kuacha kabisa kutasaidia zaidi, na wiki ile nikaishi kwa maji na kujisifu.

Siku ikafika, koti likafunga (kwa kubana pumzi), nikapanda lori la kahawa na baba mdogo, msemaji wetu, hadi Muleba, kisha tukatembea hadi Kishanda. Tukakaribishwa kwa kahawa za kutafuna, kama desturi, nami na tumbo tupu nikazitafuna kama karanga, moyo ukaanza mbio. Kisha yakaletwa matoke kwa maharage na samaki, yamefunikwa majani ya mgomba, mvuke unapanda. Waitu, jamani, nilitaka kulia! Lakini nikawaza kifungo, nikasema, "Asanteni, nimeshiba."

Baba mdogo akanifinya paja. Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kama kumwambia una wasiwasi na mkono wake, usije ukawa umetia sumu, na baba yake Koku alirudisha tonge akauliza, "Kijana wenu amekula wapi?"

Nikaona afadhali nitoke, nikaomba kwenda haja. Nyuma ya nyumba, migombani, nikakuta shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu, limeshafunuliwa, ndizi njano tupu. Moja tu, nikajiambia. Zina ukakasi, lakini nani alikuwa na habari na ukakasi? Nikala ya pili, nikapiga magoti, nikatia mikono yote miwili, kifungo kikaruka bila kuniaga na mimi naendelea tu. Kuinua kichwa, mama yake Koku huyo hapo na mashangazi, wamekuja kumenya! Na kwetu mkwe na mama mkwe hata kutazamana hawatazamani. Akajifunika uso kwa kanga, akapiga kelele, "Baba Koku, njoo umwone aliyeshiba!"

Mzee akaja, wageni wote nyuma yake. "Chakula changu unakataa, ndizi za kupokelea mahari yako unazifakamia shimoni. Binti yangu nimpe mtu wa namna hii?"

Nilitamani shimo linifunike. Nililia, siwafichi, nikaeleza yote, koti, kifungo, mpaka maneno ya dada. Wa kwanza kucheka alikuwa Koku, huko jikoni (kicheko chake nakijua), mashangazi wakadakia, mwisho mzee mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini hukumu alitoa: bila rubisi mahari haipokelewi, kwa hiyo nilete mikungu mingine, kichwani, kwa miguu, kutoka Muleba, "na kila ukifika utakula hapa mpaka nione umeshiba kweli."

Nilibeba, jamani. Nikatembea vilima vile nikila maharage, mboga na ndizi za kiasi, yaani yale yale aliyosema dada tangu mwanzo, na siku ya harusi koti lilifunga huku napumua kama watu. Kifungo alikishona Koku.

Kwa hiyo vijana mnaotaka kupungua, kuleni, ila kwa kiasi, na msiende ugenini na njaa. Mimi neno lile sitalitamka tena kwenye nyumba ya watu kabla sahani haijafunuliwa, maana mama mkwe, mpaka uzee wake, kila nilipofika alisimama nyuma ya mlango, uso kaufunika, akaita, "Nimeshiba, karibu chakula!"