Kiongozi Aliyeketi Ukunguni
Mwalimu aliyeachishwa kazi wiki iliyopita alipanda mlima nyuma ya kiongozi wake wa njia, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu kama soli. Kila jiwe mwanamke huyo aliligusa kabla ya kulikanyaga, akanong'ona, "Asante, Baba." Alishukuru hata upepo ulipompokonya kofia, na mwalimu akacheka kimoyomoyo. Walipokaribia kilele, ukungu uliwafunika ghafla, wasione hata miguu yao.

"Dada, njia unaijua?" mwalimu aliuliza. "Naijua, kaka, ila siioni. Tukae." Akamshika mkono, na vile vidole vigumu vikambana hadi mwalimu akaumia. "Kumbe na wewe unaogopa?" "Sana. Ndiyo maana naomba." "Na ukungu usipoondoka?" "Basi tutakaa na Mungu humu humu." Akaendelea kuomba polepole, kama anayezungumza na mtu aliyeketi ubavuni pake. Saa nzima ilipita, baridi ikiwapenya mifupani. Ukungu ulipotawanyika, waliona ukingo wa korongo, hatua nne tu mbele yao. Kiongozi aliutazama, akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akainama kumfunga mwalimu kamba za viatu zilizofunguka, maana vidole vya mwalimu vilikuwa vimekufa ganzi.