Kipepeo Begani mwa Bibi

Mwezi uliopita nilichukua likizo ya siku tano nikaja nyumbani Nakwa, na katika siku hizo tano sikukaa kitini hata saa moja nzima. Shemeji yangu aliniwekea chai na viazi vitamu, chai ikapoa. Kila asubuhi nilivaa mabuti, nikatia simu mfukoni, nikashika njia ya kupanda mlima Kwaraa hadi ukingoni mwa msitu. Alipochoka kuniuliza nimepoteza nini huko, nilimwambia ukweli, kwamba namtafuta kipepeo. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akaenda kukamua ng'ombe.

Yeye nilishindwa kumweleza. Wewe nitakueleza.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, na kama nina miguu isiyotulia basi niliirithi kwake. Alikuwa akipukuchua mbaazi huku ameinuka nusu, kama mtu aliyeitwa. Ugali aliusonga akiwa anawafokea kuku mlangoni. Kwetu tulikula ugali na mbaazi karibu kila siku, na siku njema perege wa ziwani, ambaye bibi alimgawa kwa mkono wake mwenyewe ili asigombewe. Jumamosi zilikuwa za kuni. Tulipanda mapema umande ukitulowesha hadi magotini, chini bondeni zikisikika kengele za ng'ombe, na moshi wa majiko ya mji umelala juu ya ziwa.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi, kijana mgeni mwenye kamera ya mkanda. Siku za harusi na kipaimara aliitwa kupiga picha. Siku nyingine alizunguka vichakani peke yake, watu wakamsema. Alikuwa akimtafuta kipepeo mmoja adimu. Alituchorea ubaoni kwa chaki za rangi: mabawa ya rangi ya chungwa lililoiva, madoa meusi juu, na upande wa chini madoa meupe yanayong'aa kama fedha. Alisema viwavi wake hula majani ya kaua kadogo ka zambarau kanakoota penye unyevu, na kwamba kaua hako kakifyekwa, kipepeo naye anakwisha. Yeye alimwona mara moja tu, na hakuwa na ushahidi wowote. Atakayemwona, alisema, aje kumwambia hata kama ni usiku wa manane.

Nilimwona mimi. Ilikuwa mwisho wa masika, penye chemchemi ndogo tulipokuwa tunapumzika na mizigo. Alitua kwenye tope, akakunja mabawa, fedha ikawaka. Bibi aliniambia nifunge kuni, tunachelewa. Wenzangu darasani walicheka. Mwalimu hakucheka, aliniuliza mabawa yalikuwaje chini, nikamjibu, kisha akaja nyumbani kumwomba bibi tufuatane Jumamosi.

Alimwamkia bibi kwa adabu, akakaribishwa maziwa. Alieleza kwamba katika mkanda zimebaki picha mbili, nyingine zimeishia kwenye kipaimara. Moja ya kipepeo, alisema, na ya pili ni yako mama, kwa kutuongoza. Bibi hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Alijifanya hajali, ila Jumamosi ile alikwenda kutafuta kuni amejifunga kitenge chake cha kanisani, cha buluu.

Tulisubiri pale chemchemini mpaka jua likawa kali, wala kipepeo hakutokea. Bibi hakuweza kungoja bure, akakata kuni. Tulipoanza kuteremka mwalimu aliona aibu kumwacha mama mzee na mzigo, akaubeba yeye, na kamera akanivika mimi shingoni. Alibaki nyuma kidogo, anatafuta pa kukanyaga kwenye utelezi. Mbele yangu, hatua mbili tu, bibi alikuwa anatembea kitenge kimelowa jasho mgongoni. Kipepeo akaja, akatua begani kwake.

Nilimwambia bibi asimame. Akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo, kimya, hata pumzi kaibana. Nikasogea kama mwalimu alivyonifundisha tulipokuwa tunangoja, nikabonyeza. Lakini mabawa yalikuwa wazi, na fedha iko chini. Nikangoja. Kipepeo alikuwa anakunywa chumvi ya jasho, anafungua, anafunga. Nilijua iliyobaki ni ya nani. Hilo nililijua vizuri kabisa. Alipofunga mabawa, nikabonyeza.

Alipokwisha kuruka, bibi aligeuka, akarekebisha kilemba.

"Sasa yangu," alisema.

Mwalimu aliichukua kamera, akatazama, akaniangalia. Akamwambia mkanda umekwisha. Bibi aliangalia kitenge chake, akacheka kidogo, akasema basi, itakuwa Krismasi.

Krismasi hakuifikia. Homa ilimchukua kwa siku nne. Msibani jeneza lilikaa bila picha, na watu waliotoka mbali wakawa wanauliza mbona hamkuweka. Baba mdogo alikuwa amesikia habari. Aliniita pembeni, hakupaza sauti.

"Ulikuwa na kamera mkononi, mama yangu amesimama mbele yako, ukapiga mdudu."

Baadaye picha ilirudi kutoka kusafishwa Arusha. Ni nzuri mno. Kila doa la fedha linaonekana, na kitenge cha buluu, na ncha ya sikio la bibi. Mwalimu alinipa nakala, akahamishwa mwaka uliofuata.

Siku ya nne ya likizo yangu ya mwezi uliopita nilimwona kipepeo. Chemchemi imejengewa, pembeni ni mahindi na mbaazi za watu, lakini juu zaidi, penye kivuli, kaua ka zambarau kamebaki kipande cha upana wa mkeka. Nilipiga picha sijui ngapi, simu haina mwisho. Mchana huohuo nikampelekea mwalimu, ambaye amestaafu na kurudi kujenga huku kwetu, Singe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaipanua picha kwa vidole viwili, akakaa nayo.

"Ndiye," alisema. Kisha, bila kuniangalia: "Siku ile mimi ndiye niliyekuashiria kwa mkono upige ya pili. Usije ukabeba kitu ambacho si chako."

Sikumbuki mkono wowote. Nilikuwa nimempa mgongo, naye amebeba kuni kwa mikono yote miwili. Nilimshukuru, nikaaga haraka kuliko ilivyo heshima, nikatembea kwa miguu mpaka mjini.

Mengi ya wakati ule hayapo. Njia ya kuni ina geti, ukingo wa msitu umepanda juu, na kengele za ng'ombe bondeni sizisikii tena. Hayo naweza kuyazoea. Lakini siku hizi nikifumba macho nimwite bibi, anakuja amenipa mgongo, na nikimwambia ageuke nauona mkono ukirekebisha kilemba, na chini ya kilemba hamna kitu. Baba mdogo angeweza kuniambia macho ya bibi yalikuwaje. Naye tulimzika kule Maisaka mwaka juzi, picha yake kubwa juu ya jeneza, anacheka.