Bei Imetulia Kikatiti

Kazi yangu ilikuwa kuuliza bei. Kila siku ya soko nilitoka Elerai, nilikopanga mjini, kwenda Kikatiti, nyumbani kwetu, nikapita kwa wauza mahindi na maharage, nikaandika walichoniambia, nikakipeleka ofisini mjini. Huko wakubwa waliamua wapi pana shida, na serikali ipeleke wapi mahindi ya bei nafuu kutoka kwenye maghala yake. Kazi safi, ndugu waliniambia, haina jembe.

Mwaka ule mvua ilitukatalia. Mahindi yakaanza kuadimika, nami nikasubiri bei ipande. Wapi! Wiki baada ya wiki ilikuwa ile ile, na ofisini wakafurahi.

Walioizuia ni mama yangu na wenzake. Kwetu mahindi hupimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, na siku zote muuzaji hulijaza mpaka likabeba lundo juu. Baba, kama wanaume wengi wa pale, huacha asubuhi hela ya sado moja, na hiyo ndiyo imetoka. Ukimwambia bei imepanda, atakuuliza nyingine umempelekea nani. Basi akina mama wakamwomba muuzaji: "Bei iache hapo hapo, dada. Toa lundo."

Akatoa lundo. Baadaye akaanza kufuta juu kwa kijiti. Baadaye tena akabonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, wote wakaona, na hakuna aliyelalamika. Nilisimama pale nikamtazama mama yangu akipokea yale mahindi, na akashukuru.

Nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Mara ya pili nilimpelekea kopo lenyewe. Akalichungulia, akaniuliza kama nimelipata kwa risiti.

"Sisi tunakusanya bei," akasema. "Imepanda au haijapanda?"

Pale ofisini sado ilikuwa imeshageuzwa kilo kabla sijaajiriwa, na kwenye karatasi zao kilo zile hazikupungua hata punje moja. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Mahindi ya serikali yakaenda kwingine. Kikatiti, walisema, bei imetulia.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama kabla hajasikia habari hiyo kanisani. Nilimkuta anasonga ugali, na baba ameshakaa anasubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Za huko mjini? Mahindi yanakuja lini?"

Nikamwambia hayaji. Akauliza kwa nini, nikajibu kama ilivyoandikwa, kwamba bei ya huku haijapanda.

Baba akamgeukia mama. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia? Si mimi ninayesema, ni serikali, tena kwa mdomo wa mwanao. Bei haijapanda! Kumbe unga unaisha kwa sababu hujui kubana."

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya kopo. Mama akanitazama, nikaufunga. Ningesema la kopo, ningekuwa nimemchongea kwamba wiki zote hizo alikuwa akimficha.

Alimpakulia baba ugali, ukatosha mtu mmoja kushiba. Mimi na mama tulirudi jikoni tukakwangua ukoko.