Kibanda Kilichobomolewa na Gazeti la Kufungia Nyama

Yule muuza nyama wa Soko la Burma, aliyefungia watu nyama kwa magazeti ya zamani, amekufa. Tulimzika Jumamosi. Ninyi mnaonisoma mnanijua: simsifu mtu kwa sababu tu amenyamaza. Matangani kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mcheshi, mtu wa watu, hana baya. Mcheshi alikuwa, hapo sibishi. Hayo mengine waliyatoa wapi?

Kabla ya kukufungia nyama alitandaza ukurasa juu ya meza, akausoma ule mstari mkubwa kwa sauti kama habari iliyotoka asubuhi hiyo, kisha akakutungia yatakayofuata. Gazeti likisema treni imeacha reli, yeye anasema, "Basi leo itapita Shauri Moyo ikiuliza njia." Likisema walimu watagoma, "Watoto watafundishwa na mbuzi, na mwaka huu watapita wote." Mimi aliniita shosho, yaani bibi. Siku moja alinisomea kwamba ng'ombe wameingia uwanja wa ndege. "Shosho, ndiyo hii nyama yako, imeshuka jana kutoka Ulaya. Usiichemshe sana, haijazoea." Watu walikuwa wanatoka mbali wanunue nusu kilo ya nyama na kilo nzima ya maneno. Nilisomea ngumbaru, herufi nilizijua nikiwa na wajukuu, lakini hata mimi niliona karatasi zile zilikuwa za manjano kama meno ya mvuta tumbako.

Siku nyingine akasoma kwamba vibanda vyote vya kando ya barabara vitabomolewa. Akaukaza uso. "Akina mama, kanju wanakuja Jumatatu! Sukuma wiki mtauzia juu ya miti, na omena mtazivua kwa mtaro." Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mjane mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wadogo, na nyanya upande wa Mathare. Huyo aliondoka hata matumbo aliyokuja kununua hakuchukua.

Sisi wa vibanda hatungojei tingatinga. Bati likishakunjwa na tingatinga halizuii mvua tena, kwa hiyo ukisikia kanju, hao askari wa jiji, wako njiani unabomoa mwenyewe mapema, uokoe bati na mbao. Mjane alifanya hivyo. Aling'oa misumari akainyoosha kwa jiwe, akabeba mabati kichwani mpaka nyumbani. Jumatatu askari hawakuja. Aliporudi na nguzo zake alikuta mtu mwingine amesimika za kwake, mlango na kufuli juu. "Mama, mahali palikuwa wazi," jamaa akamwambia, na kwa desturi yetu aliye wa kwanza kusimika ndiye mwenyewe. Mjane akampelekea mzee wa kijiji maneno hayo. Mzee akamjibu kwa swali: "Nani alikutuma ubomoe?"

Nikaenda Burma mwenyewe. Nilimkuta ananoa kisu.

"Wewe mwana, umemvunjia mwenzako duka."

"Mimi? Shosho, si nilisoma gazeti tu?"

"Gazeti la lini?"

"Sasa hiyo nitajuaje? Pale penye tarehe nilikuwa nimefungia mtu maini."

Waliokuwepo wakaanguka kwa kicheko. Naye alipoona wamecheka, akaendelea: "Mwambie aje nimpe mifupa ya supu, apate nguvu ya kujenga." Tangu siku hiyo ikawa hadithi yake kubwa, ya mama aliyebomolewa na gazeti. Aliisimulia mpaka wateja wakawa wanamwomba.

Ninyi wa nyumba za mawe mtasema mama alikuwa mjinga. Haya. Nani huja kutuambia sisi kabla? Barua ya kubomoa hufika tingatinga likiwa limeshapita. Kwetu habari ni ile unayoisikia kwa mtu kwenye foleni, na ukiingoja iwe ya kweli umechelewa. Mtu anayeishi hivyo huwezi kumtania kuhusu bati lake.

Sasa matangani mwenye kuongoza akaanza hadithi ile ile. Alipofika pa kicheko watu wakapiga makofi. Mjane alikuwa ameketi nyuma, karai lake la omena miguuni, kwa maana siku hizi anapita nazo mlango kwa mlango. Akasimama.

"Huyo mama ni mimi," akasema. Hakupaza sauti. "Mnaisimulia vizuri, lakini mnaikatia hapo. Binti yangu mkubwa aliacha shule muhula ule, na mpaka leo anafulia watu nguo. Mkisimulia tena, mmalizie na hilo."

Akaketi. Mtu mmoja akasema, "Pole, mama." Mchungaji akaanzisha wimbo kwa haraka.

Basi nawaambia wazi, hasa ninyi vijana ambao kila kitu kwenu ni "si ni jokes tu." Ukitaka kumchekesha mtu, tazama kwanza paa analolala chini yake. Na mzaha wako ukimvunjia, acha kusema hukukusudia. Chukua nyundo uende ukamsaidie kusimamisha. Kutoka Burma mpaka pale alipokuwa yule mama watu huenda kwa miguu na kurudi, na muuza nyama alikuwa na mikono miwili mizima. Hakwenda hata siku moja. Mungu amsamehe akipenda, hiyo ni kazi yake. Mimi bado.