Kitambaa Chekundu Miguuni mwa Kuku

Siku ndege yetu ilipotua Mpanda nilikuwa na kichaa cha furaha. Miaka ile ya tisini mtu wa kwetu alizoea kurudi kwa treni, vumbi mpaka kwenye kope na mgongo umekufa ganzi. Mimi nikashuka kutoka angani na ovaroli ya jeshi, bisibisi mfukoni! Nilikuwa fundi wa ndege, mwanamke pekee katika timu yetu, na nilitaka kila mtu ajue, hata mbuzi waliokuwa wakila majani pembeni ya uwanja.

Tulimleta mkubwa mmoja aliyekuwa na shughuli Mishamo. Yeye akaondoka kwa gari, sisi tukabaki na ndege mpaka kesho yake: rubani, sajenti ambaye ndiye fundi mkuu, na mimi. Ndege ikilala, lazima ifunikwe. Chini ya bawa kuna kibomba chembamba kinachopima mwendo kwa upepo unaoingia. Nyigu akijenga humo, rubani hajui tena anakwenda kasi gani, na hapo ndipo watu huanguka. Kwa hiyo tunakivika kifuniko cha turubai, na kwenye kifuniko tunafunga kitambaa chekundu kirefu, ili asiwepo wa kusahau kukivua. Vitambaa vya namna hiyo vilining'inia kwenye injini, kwenye magurudumu, kila mahali. Ukiitazama kwa mbali ungedhani ndege inaolewa.

Asubuhi shangazi yangu akaja na wanawake wenzake, vigelegele vikitangulia. Huyu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyegombana na baba mpaka nikaruhusiwa kwenda jeshini. Sajenti akaniruhusu niwazungushe. Nilijitapa bila haya.

"Mwanangu, hii yote unaitengeneza wewe?"

"Mimi na wenzangu, Shangazi."

"Na haya matambara mekundu ya nini?"

"Ni ya vifuniko. Tukiondoka tunayatoa."

Nilimjibu kweli tupu, kisha nikakimbilia kuwaonyesha propela.

Mchana mkubwa akarudi ana haraka, na haraka ya mkubwa ni haraka ya wote. Nikaizunguka ndege nikivuta kila chekundu nilichokiona. Sajenti akapita nyuma yangu, naye akitafuta chekundu. Hakuona. Rubani akachungulia, naye hakuona. Tukaridhika, tukapanda, rubani akapeleka mkono kwenye swichi.

"Subirini! Zawadi ya mwanangu!"

Shangazi alikuwa anakimbia, kanga imemvuka begani, jogoo mkononi. Akampitisha mlangoni kichwa chini, miguu juu. Jogoo mnene, mweupe, anapiga mbawa kama yeye ndiye anayerusha ndege. Nikampokea huku nacheka. Halafu nikaiona miguu yake. Ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu chenye tundu la pete ya chuma kwenye ncha, kama vile vya vifuniko vyetu, fundo zuri kabisa.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Usiwashe! Usiwashe!"

Sajenti akaruka chini, akaingia chini ya bawa, akapapasa. Alitoka na kifuniko mkononi. Rangi yake ilikuwa kijani ileile ya bawa. Bila kitambaa, macho yetu yote yalikipita kama hakipo. Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea na kelele zake.

"Nimekosa nini?" Shangazi akauliza. "Si ulisema mnayatoa? Nikaona nitoe moja, niwapunguzie kazi. Kuku wa mtoto aliyerudi kwao hafungwi na kamba ya mbuzi."

Nikamweleza. Akakaa chini palepale, kwenye changarawe.

"Yaani ningekuangusha kwa kuku wangu?"

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana sura ile sikuwahi kuiona kwake. Lakini sajenti akachuchumaa mbele yake.

"Hapana, mama. Tungeangushwa na macho yetu. Kitambaa kikiwepo kinasema kuna kitu. Kisipokuwepo hakisemi lolote, na sisi tuliondoka kana kwamba kimesema. Ungekitumia kufungia mzigo wako wa kuni, sasa hivi tungekuwa juu. Huyu kuku ndiye ametukagua."

Kisha akaanza kucheka. Mkubwa akadakia, rubani akalalia usukani, wanawake wakarudisha vigelegele, na mimi nikacheka mpaka machozi, machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

Tangu siku ile, kwenye timu yetu, kutazama hakukutosha. Kila kibomba kilishikwa kwa mkono, na aliyekishika alipaza sauti, "Kuku!" Wageni walituona wehu. Tuliwaacha watuone hivyo hivyo.

Yule jogoo alisafiri nasi akiwa amefungwa uzi wa katani, akazeeka nyuma ya karakana yetu bila mtu kuthubutu kumchinja. Na Shangazi kila nilipokwenda likizo aliniaga kwa kuku mwingine. Alinisindikiza stesheni, na kabla ya kunikabidhi alimgeuza miguu juu, akamnyanyua usawa wa macho yangu, akangoja. Hakumwachia mpaka niiguse kamba kwa mkono wangu na kusema kwa sauti, mbele ya abiria wote, kwamba nimeiona.