Soseji za Nyundo

Kaka yangu alikuwa na bucha, na ngumi zake zilijulikana kuliko nyama yake. Watu walimwita Nyundo. Mteja mmoja alisema mzani wa bucha ile ni mwizi. Kaka akamvuta kola juu ya meza, akampasua mdomo, kisha akampimia nyama yake kilo moja na nusu, sawasawa. Ndiyo damu yetu hiyo. Hata mimi sijawahi kupigwa nikanyamaza.

Mwaka jana kifua kikaanza kumbana akipanda ngazi. Wifi yangu akamkokota hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akamweleza taratibu: mishipa ya moyo inaziba, sukari inapanda. "Mafuta ya wanyama si mamoja, baba. Ya mtindi hayaonekani kuudhuru moyo sana. Ya soseji, tena uzikaange, hayo ndiyo yanakumaliza. Kula samaki na karanga, pikia alizeti."

Kaka akatoka pale ameshika moja tu: mafuta si mamoja. Basi akaligeuza kichwa chini, akaacha maziwa! Mtindi wa wifi akautupa nje, bakuli na vyote. Soseji akabaki nazo, maana alizisaga mwenyewe nyuma ya bucha, nyama na mafuta ya figo, nusu kwa nusu. "Hizi najua kilichomo," alisema. Lo! Si ndiyo sababu ya kuziogopa?

Asubuhi moja nikamkuta huko nyuma, soseji sita zinachemka kwenye mafuta karaini, mkono mmoja ameshika uma, mwingine kifua. Jasho linamtiririka. Jamani, niliogopa, na mimi nikiogopa hasira hutangulia. Nikalipiga karai teke. Mafuta yakamrukia mguuni. Akanguruma, akanikamata nywele, akanigongesha kichwa kwenye mashine ya kusagia. Nikamng'ata hadi nikaonja damu.

"Nitakuua!"

"Niue! Wewe si umeshajiua?"

Akaupinda mkono wangu, nikausikia ukivunjika. Kisha vidole vyake vikalegea. Akateleza, akaanguka chali kwenye mafuta, uso umekuwa wa majivu.

Wifi alikuja mbio akanikuta nimepiga magoti juu ya mumewe, nambonyeza kifua kwa mkono uliobaki mzima. "Umemuua!" akapiga yowe, akanitandika mgongoni kwa ubapa wa panga la mifupa. Nilimtukana, lakini sikuacha kubonyeza mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Siku ya nne kaka akafumbua macho, akaiona plasta ngumu mkononi mwangu.

"Ni mimi, mdogo wangu?"

"Ni wewe, hayawani."

Akalia. Hata tulipomzika baba hakulia. Nikaanza kumlisha kwa kijiko, naye akameza bila ubishi.

Daktari akaniita nje. Mkono wangu, alisema, utaunga baada ya wiki sita. Sehemu ya moyo wa kaka iliyokufa haitarudi, na shoka hatalinyanyua tena.

Niliporudi ndani akaniuliza, "Amesemaje?"

"Amesema ule," nikamwambia, nikachota tena.